Aketiye Kando ya Mwalimu Mkuu



Katika benchi la timu yoyote huketi mtu ambaye wengi wetu hatulijui jina lake. Mwalimu mkuu twamjua, maana ndiye asimamaye na kupiga kelele, ndiye aulizwaye na waandishi wa magazeti, na ndiye afukuzwaye mambo yakiharibika. Lakini huyu wa kando, mwenye daftari na filimbi, aliyewakimbiza vijana tangu asubuhi, twamwita "msaidizi", na tukiisha kumwita hivyo twadhani tumemaliza habari zake. Leo nataka tumfikirie yeye, kwa kuwa maisha yake yana swali ndani yake ambalo latuhusu hata sisi tusiokwenda uwanjani. Je, kuwa wa pili ni kazi kamili ya mtu, au ni kungojea tu?

Tuanzie mbali kidogo. Huko Marekani mpira wa kikapu wa vyuo vikuu ni jambo kubwa mno, lenye fedha nyingi na watazamaji wengi. Mtanzania mwenzetu Hasheem Thabeet alipita huko. Alichezea Chuo Kikuu cha Connecticut, kisha mwaka 2009 akachaguliwa wa pili katika vijana wote walioingia ligi kubwa ya kulipwa. Katika vyuo vile kocha msaidizi ndiye asafiriye kutafuta wachezaji, akaketi sebuleni kwa wazazi na kuwashawishi wamtoe mtoto wao. Ndiye atazamaye picha za michezo ya wapinzani usiku kucha. Mara nyingi ndiye aulizaye kama kijana amehudhuria masomo. Na mkate wake umo mkononi mwa mtu mwingine, maana mkuu akiondolewa, wasaidizi kwa kawaida hufungasha mizigo pamoja naye, hata kama wao kazi yao waliifanya vema.

Mwaka 1967 Bill Guthridge aliingia Chuo Kikuu cha North Carolina awe msaidizi wa Dean Smith. Akaketi katika kiti hicho miaka thelathini. Katika muda huo kijana Michael Jordan alipita pale, chuo kikachukua ubingwa wa taifa mara mbili, 1982 na 1993, na Smith akastaafu akiwa na ushindi 879, hesabu ambayo kwa wakati ule hakuna kocha wa wanaume wa daraja la juu la vyuo aliyekuwa ameifikia. Ushindi wote huo umeandikwa kwa jina la Smith. Guthridge alijiwa na nafasi za kuwa mkuu mahali pengine, naye akabaki.

Kisha ikaja Oktoba 1997. Smith alitangaza kustaafu wiki chache tu kabla ya msimu kuanza, wakati ambapo si rahisi chuo kutafuta mgeni. Wengi walidhani kwamba aliuchagua wakati ule makusudi, ili kiti kiende kwa yule aliyekaa kando yake. Guthridge alikuwa na umri wa miaka 60. Katika misimu mitatu aliifikisha timu mara mbili katika nne bora za taifa, 1998 na 2000, kisha akastaafu. Wote wawili walifariki mwaka mmoja, 2015. Smith Februari na Guthridge Mei.

Habari hii husimuliwa kama mfano wa unyenyekevu, nami sikatai. Lakini naomba tuangalie kwa makini unyenyekevu ule ulikuwa wapi. Haukuwa katika kiti. Ulikuwa katika kuchagua. Mlango ulikuwa wazi, mtu akaamua kutotoka, kwa kuwa aliipenda kazi yenyewe kuliko jina la kazi. Angefungiwa mlango, kukaa kwake kungekuwa subira labda, au woga, au kukosa pa kwenda. Mambo hayo nayo yana heshima yake, bali si jambo lile lile.

Sasa turudi nyumbani. Watu wa Tanga wanamjua Juma Mgunda. Aliichezea Coastal Union, klabu iliyoasisiwa mwaka 1948 na iliyochukua ubingwa wa Bara mwaka 1988, kisha akawa mwalimu wake. Mwaka 2019 alikuwa mmoja wa wasaidizi wa Etienne Ndayiragije katika timu ya taifa. Tarehe 2 Julai 2022 aliifikisha Coastal fainali ya Kombe la Shirikisho la nchi yetu, pale Arusha. Walitoka sare 3-3 na Yanga, mabao yote matatu ya Coastal yakifungwa na kijana mmoja, Abdul Suleiman aitwaye Sopu, wakashindwa kwa penalti. Waliokuwa Tanga jioni ile hawahitaji kukumbushwa.

Septemba mwaka ule ule Simba iliachana na kocha wake Zoran Maki, mashindano ya Afrika yakiwa mlangoni. Ikamwita Mgunda awe mwalimu wa muda. Siku chache baadaye timu ikashinda Malawi mabao 2-0 dhidi ya Nyasa Big Bullets, na tena 2-0 Dar es Salaam. Oktoba ikakwenda Luanda na kuishinda Primeiro de Agosto 3-1, ikashinda tena nyumbani, ikaingia hatua ya makundi. Mwezi huo huo ilitoka sare 1-1 na Yanga. Januari 2023 akaajiriwa Mbrazili Roberto Oliveira, aitwaye Robertinho, naye Mgunda akarudi kuketi kando, msaidizi.

Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Hapa mwenyeji ndiye aliyeponya, kisha mgeni akaja.

Nisieleweke vibaya. Klabu ina haki ya kumwajiri imtakaye, na aliyeambiwa "wa muda" alijua maana ya maneno hayo alipoyakubali. Fahali wawili hawakai zizi moja, na lazima mmoja awe na neno la mwisho. Robertinho naye hakuwa mtu wa kubahatisha, alitoka kuifundisha Vipers ya Uganda, na msimu ule Simba ilifika robo fainali ya Afrika. Siwashtaki hao. Linalonisumbua ni sisi watazamaji, na sifa tulizommiminia Mgunda siku zile. "Mtu mnyenyekevu sana huyu! Hana makuu! Ameshuka bila kunung'unika!" Tulisema hayo vijiweni kwa furaha, na sidhani kwamba wengi walijiuliza kama kushuka huko kulikuwa haki. Sifa ilichukua mahali pa swali.

Hapo ndipo penye hatari. Unyenyekevu ni zawadi ambayo mtu huitoa mwenyewe. Asiyeutoa hawezi kuudai kwa mwingine, hasa akiwa ndiye anayefaidika nao. Mwajiri amwambiaye msaidizi wake "wewe ni mtu wa subira" huku akimlipa nusu, amegeuza wema wa mwenzake kuwa akiba yake. Tena huyo msaidizi hawezi hata kujibu, maana akijibu tu, ule unyenyekevu aliosifiwa umekwisha!

Nasi wa kanisani tusijifiche nyuma ya mpira. Ni nani aongozaye sala Jumapili baada ya Jumapili katika vijiji vya Bonde, azikaye wafu mvua ikinyesha, awafundishaye watoto katekisimu? Ni katekista. Padri afikapo baada ya miezi miwili, kuku wote wa kijiji hukimbilia porini, maana wanajua. Kwa katekista hawakimbii, wamemzoea. Barnaba naye, yule aliyemchukua Sauli kwa mkono wakati wengine walipomwogopa, hutajwa wa kwanza mwanzoni mwa safari zao, na baadaye jina lake huja la pili. Haikuandikwa kwamba alilalamika. Ila haikuandikwa pia kwamba Antiokia walimnyima chakula.

Upande wa msaidizi mwenyewe nao una madai yake. Kukaa kando si kukubali kila neno. Msaidizi aonaye kosa na kunyamaza ili asipoteze kiti amemsaidia mkuu wake kuanguka; na asemaye kosa hilo kwa waandishi badala ya kumwambia mwenyewe chumbani, huyo hasaidii, anawania. Kati ya hayo mawili njia ni nyembamba. Selemani Matola, aliyekuwa nahodha wa Simba, aliingia benchi lake kama msaidizi mwishoni mwa 2019, akafanya kazi na Mbelgiji Sven Vandenbroeck, na Mfaransa Didier Gomes, na Mhispania Pablo Franco, na wengine baada yao. Wao walikuja wakaondoka, yeye akawa ndiye ajuaye kila mchezaji anaumwa wapi. Elimu ya namna hiyo hainunuliwi uwanja wa ndege.

Na kuondoka je? Wako wanaodhani kwamba msaidizi mwema haondoki. Mimi sioni hivyo. Aliye huru kubaki ni lazima awe huru kwenda, ama sivyo kubaki kwake hakuna uzito. Mgunda baadaye mwaka 2023 alipewa timu ya wanawake, Simba Queens, ikachukua ubingwa wa msimu wa 2023/24. Aprili 2024, kocha mwingine wa kigeni alipoondoka, waliita tena jina lile lile kuziba pengo, akaziba. Oktoba mwaka huo alikwenda Ruangwa, mkoani Lindi, kuwa mwalimu mkuu wa Namungo.