Nani Avae Koti la Mwuaji?

Katika toleo hili tunaomba tutafakari pamoja swali ambalo vijana wa kwaya na wa kikundi cha maigizo wametuletea, na ambalo wazee wetu hawajakubaliana juu yake. Je, ni halali kwa vijana wanaotumwa kutangaza Injili kuimba, kucheza na kuigiza habari za watu waliouawa kwa ajili ya imani? Na kama ni halali, nani atavaa koti la mwuaji?

Swali hili lina wenzetu mbali. Huko Marekani, katika jimbo la Illinois, kando ya mto Mississippi, kuna mji mdogo uitwao Nauvoo. Wafuasi wa Joseph Smith, wanaojulikana kama Wamormoni, walianza kuujenga mwaka 1839. Mwaka 1844 Joseph Smith na kaka yake Hyrum waliuawa na kundi la watu wenye silaha katika jela ya Carthage, na mwaka 1846 waumini wao wakaanza kuuacha mji na kuvuka mto wakiwa wakimbizi. Baadaye kanisa lao lilitengeneza upya nyumba za zamani, na kwa miaka mingi vijana waliochaguliwa kwa vipaji vyao wamekuwa wakienda huko wakati wa majira ya joto. Utume wao ndio huo: kuimba, kucheza na kupiga ala mbele ya wageni wanaokuja kutembelea mji. Sisi hatufuati mafundisho ya kanisa hilo, lakini jambo wanalofanya vijana wale tunalielewa. Wanatumia sauti na miili yao kuwakumbusha watu kwamba waliowatangulia walifukuzwa makwao.

Hata hivyo kuna tofauti kubwa. Karibu miaka 180 imepita tangu mambo yale yatokee. Anayeketi kutazama hakupoteza mdogo wake katika jela ya Carthage. Na majira ya joto yakiisha, vijana wanarudi makwao na wageni wanarudi makwao. Hapa makazini mambo si hivyo. Mchezo ukiisha, mwigizaji na mtazamaji wanakutana kesho yake asubuhi kwenye bomba la maji.

Vijana wetu wanataka kuigiza habari za Buta. Kwa watoto waliozaliwa huku, tukumbushe kwa ufupi. Buta ni seminari ndogo katika jimbo la Bururi, kusini mwa Burundi. Alfajiri ya tarehe 30 Aprili 1997, wakati wa vita, waasi wenye silaha waliingia katika bweni la wanafunzi. Waliwaamuru wajitenge, Wahutu huku na Watutsi huku. Vijana wale walikataa kutengana, wakapigwa risasi na mabomu wakiwa pamoja. Walikufa 40. Padri Zacharie Bukuru, aliyekuwa gombera wao, ameandika habari zao, na mahali pale pamekuwa mahali pa hija. Mwaka 2019 Kanisa la Burundi lilifungua rasmi kesi ya kuwaombea watangazwe wenye heri. Waamini wengi huwaita mashahidi wa udugu.

Wazee wengine wanasema kwamba kuigiza kifo kama hicho ni kukifanya mchezo. Tunawaheshimu, lakini hatuoni kwamba maigizo yenyewe ndiyo adui. Mfalme Daudi alicheza mbele ya Sanduku la Agano, na aliyemdharau kwa kucheza ndiye aliyekemewa. Kila Ijumaa Kuu tunafanya Njia ya Msalaba: mmoja wetu anabeba mti, mwingine anamvua mavazi, wengine wanapiga kelele. Hakuna aliyewahi kusema kwamba tunamcheka Bwana. Mwili una namna yake ya kukumbuka, na kuna mambo ambayo mahubiri hayafikishi ila wimbo hufikisha.

Ugumu uko kwenye lile koti. Kwenye Njia ya Msalaba askari wa Kirumi hatumjui, wala watoto wake hawasali nasi. Mwuaji wa Buta ni mtu wa nchi yetu, na kabila lake linajulikana. Tumesikia mapendekezo yakitolewa, kwa nia njema kabisa, kwamba fulani achukue nafasi hiyo kwa sababu anafanana, au kwa sababu ametoka upande fulani. Hapo ndipo tunapoomba vijana wasimame kwanza.

Huko Ujerumani, katika kijiji cha Oberammergau, wanakijiji waliweka nadhiri mwaka 1633 wakati wa tauni kwamba wataigiza Mateso ya Bwana, na tangu mwaka 1634 wameendelea, kwa kawaida kila miaka 10. Mara ya mwisho ilikuwa mwaka 2022. Ni kazi ya imani. Lakini kwa vizazi vingi mchezo ule uliwaonyesha Wayahudi kama taifa zima la wauaji. Hitler aliutazama mwaka 1934, na baadaye akausifu kwa sababu hiyo hiyo. Ni baada ya vita na maovu yote yaliyotendeka, na baada ya lawama nyingi, ndipo maneno na mavazi yalipobadilishwa hatua kwa hatua. Tunajifunza kwamba mchezo mtakatifu unaweza kufundisha chuki, na watu wakatoka wakidhani wamesali.

Sisi tuliokulia Nyakabiga tunajua jinsi mtu anavyovikwa koti ambalo hakulichagua. Nyakabiga na Bwiza ni mitaa inayopakana, mtoto aliweza kutumwa sukari mtaa mmoja akarudi mwingine. Baada ya Rais Melchior Ndadaye kuuawa mwezi Oktoba 1993, mitaa ya Bujumbura ilianza kugawanyika. Nyakabiga ikawa ya Watutsi, Kamenge ikawa ya Wahutu, na jina la mtaa likatosha kumhukumu mtu. Kulikuwa na vijana waliopewa nafasi ya mwuaji kabla hawajafikisha umri wa kufikiri, na wengi waliicheza kwelikweli. Mwezi Desemba 2015 risasi zilirudi Nyakabiga, na watu wengi waliuawa katika mtaa huo. Leo, kwenye mabenchi ya kanisa letu, wameketi waliokimbia Nyakabiga mwaka 1993 na waliokimbia Nyakabiga mwaka 2015. Wa kwanza walikimbia vijana wa mtaa, wa pili walikimbia wenye sare. Kila mmoja ana sura ya mwuaji wake moyoni, na sura hizo hazifanani.

Basi tukigawa nafasi kwa kuangalia pua, kimo au mtaa, tutakuwa tumefanya nini? Tutakuwa tumesema, Wahutu huku na Watutsi huku. Tutakuwa tumetii amri ile ile ambayo wanafunzi wa Buta walikataa kuitii hadi kufa. Mchezo utawasifu kwa maneno na kuwakana kwa matendo.

Wengine wamependekeza njia rahisi: tumwondoe mwuaji kabisa, tuimbe tu nyimbo za mbinguni. Hatudhani kwamba hiyo inatosha. Bila amri ya kutengana, kukataa kwao hakuna maana, na vijana wale wataonekana kama watu waliopigwa na radi. Lakini kuna mama mmoja miongoni mwetu aliyetuambia kwamba hawezi kusikia tena mlio wa bunduki, hata wa mdomo. Huyo ana haki, na haki yake ni kubwa kuliko mchezo wetu. Kwa hiyo tunasema: amri isikike, kukataa kuonekane, na kuuawa kusionyeshwe. Taa izimwe, kwaya iimbe.

Na koti je? Mitume walipotaka mtu wa kuchukua nafasi ya Yuda, waliomba, kisha wakapiga kura, na kura ikamwangukia Mathia. Vijana nao wapige kura, kila mara mchezo unapochezwa, ili asiwepo hata mmoja anayejulikana makazini kama mwuaji wa daima. Walio kwenye karamu ya mwisho, Bwana alipowaambia kwamba mmoja wao atamsaliti, hawakunyosheana vidole. Kila mmoja alijiuliza kama ni yeye. Kura itatufundisha kuuliza hivyo.

Tukumbuke pia kwamba kesi iliyofunguliwa mwaka 2019 si ya vijana wa Buta peke yao. Imewaunganisha na Padri Michel Kayoya, Mhutu, aliyeuawa mwaka 1972 na utawala wa wakati ule, na wenzake, pamoja na wamisionari watatu Waitaliano waliouawa Buyengero mwaka 1995. Kanisa limewaweka kwenye faili moja. Sisi tusiwatenganishe kwenye jukwaa.

Neno la mwisho ni kwenu vijana. Msiigize kwa ajili ya wageni wenye kamera, wala kwa ajili ya kusifiwa kwaya ipi imeshinda. Kabla ya mazoezi, nendeni kwanza kwa waliofiwa, muwaombe ruhusa, na wakikataa jambo fulani, liacheni. Na yule ambaye kura itamwangukia kuvaa koti, wenzake wamwekee mikono na kumwombea kabla hajalivaa na baada ya kulivua. Mungu awape hekima, na amani ya Kristo ikae katika nyumba zenu zote. Amina.