Ng'ombe Azoeaye Kupiga kwa Pembe

Kutunza Noah ya zamani badala ya kukopa ili kununua nyingine ni uwakili mwema. Waisraeli walivaa mavazi yaleyale jangwani miaka 40 (Kumb. 8:4).

Lakini soma Kutoka 21:28, 29. Ng'ombe akimwua mtu kwa mara ya kwanza, mwenyewe hana hatia. Akiwa amezoea kupiga kwa pembe, na mwenyewe ameonywa asimfunge, hatia ni yake. Sheria haiulizi umri wa ng'ombe. Inauliza mwenyewe alijua nini.

Gari nalo ni vivyo hivyo. Mafuta ya breki hunyonya unyevu mwaka hadi mwaka. Yakichemka kwenye mteremko mrefu kama Kitonga, breki hazishiki. Ubavuni mwa tairi kuna tarakimu nne: 1214 ni juma la 12 la mwaka 2014. Fundi akishakuonyesha hayo, umeonywa. Kuwapakia wanakwaya na kusema "tutaombea safari" (nasi twapenda kusema hivyo) si imani.

Jadilini: Matengenezo yakigongana na ada ya shule, ni nani nyumbani mwenu awezaye kusema, "Gari lisitoke," naye akasikilizwa?