Mataifa Katika Meza ya Korogwe

Imekuwa ada ya vijana wetu, wakirejea Handeni na Korogwe kutoka Dar es Salaam, kuhadithia kwa fahari jinsi walivyokula injera kwa Wahabeshi, tambi kwa Wachina na biriani kwa Wahindi, kana kwamba ulimwengu hukutana mezani katika miji mikubwa peke yake. Lakini tangu Mjerumani Richard Hindorf alipoleta miche ya mkonge mwaka 1893, na reli ya Tanga ikapita Korogwe kuelekea Moshi, mashamba yaliwavuta manamba, yaani vibarua wa mkataba, kutoka Kigoma, Songea na hata Msumbiji, nao Wahindi na Waarabu wakafungua maduka, na kila kaumu ikaja na mapishi yake. Ingieni alfajiri hii katika mkahawa wowote wa stendi: chapati inageuzwa juu ya chuma, sambusa zachujwa mafuta, chai yanukia iliki, na mchana utaletwa ugali kwa mlenda wa Kizigua, nami, kwa yakini, siioni meza hiyo kuwa duni. Nawasihi mnaoishi na wazee waliokata mkonge, waulizeni leo kwao kulipikwa nini, mkayaandike majibu yao.