Tunda Lisilo Mbegu

Je, ni haki binadamu kulinyima tunda mbegu zake kwa kuwa tu zamkera kinywani? Swali hili laweza kuonekana la mchezo, lakini wataalamu wamekwisha kulijibu kwa vitendo. Mwaka 1997 watafiti wa Italia walitangaza kwamba wamepata mabiringani yasiyo na mbegu kwa kuutia mmea jeni iliyotoka katika bakteria. Mwaka 2020 wenzao wa Japani walieleza jeni ya mbiringani wenyewe ambayo, ikiharibika, ua hugeuka tunda bila ya kupata chavua.

Sababu zao si za anasa tupu. Wakati wa baridi, katika mabanda ya kukuzia mimea, chavua hudhoofika, na mkulima hulazimika kutia homoni ua baada ya ua, la sivyo havuni kitu.

Wapo wasemao kwamba tunda la namna hiyo ni tasa, na kwamba kulifanya tasa ni kuyakosea maumbile. Sisi hatukubaliani nao. (Neno lenyewe limekwisha kuwaumiza wanawake wa kutosha vijijini, lisiongezewe kazi bustanini.) Hapa Uganda tumelelewa kwa matoke, na ni nani aliyezoea kutema mbegu za matoke? Mgomba haukosi uzazi kwa hilo: huchipua ubavuni, na jirani humpa jirani chipukizi bila ya hati wala risiti.

Mbiringani hauna ubavu wa namna hiyo. Huanza upya kwa mbegu, kama ntula zetu. Mama mkulima huliacha tunda moja la ntula shambani hadi liwe jekundu, akalipasua, akazianika mbegu zake, na msimu ujao kitalu anacho. Akizoea tunda lisilo mbegu, hana budi kwenda dukani kila anapotaka kupanda. Na mche wa tunda hilo nao, ajabu, huoteshwa kwa mbegu: mzalishaji huyachavusha maua ya mimea aliyoichagua, akapata mbegu za kuuza. Basi mbegu ingaliko, ila imehamia ghalani mwa mtu mwingine.

Hatumwambii mkulima wa Japani azitupe aina zake. Baridi yake aijua mwenyewe. Lakini yeyote atakayetaka kuzileta kwetu, ambako nyuki wangaliko na jua halijapungua, tungependa kwanza atueleze yule mama atapewa nini badala ya tunda lake jekundu.