Boriti Isiyobeba Kitu

Katika nyumba za kale za Lamu na Mji Mkongwe wa Unguja, boriti ya mkoko ndiyo iliyopima chumba: upana wake kwa kawaida haukuzidi sana mita 3, kwani mti wenyewe haukuruhusu zaidi. Siku hizi baadhi ya mikahawa hupigilia boriti chini ya dari ya zege, zisibebe kitu. Ungo huangikwa ukutani, usipepete, na bei ya wali ikapanda. Je, huko ni kuuenzi utamaduni? Naona ni kuuvika kilemba cha ukoka. Afadhali makuti yanayozuia mvua kweli, na mkeka unaokaliwa hadi ukachakaa, ili msukaji aitwe tena, alipwe, na bintiye aone sababu ya kujifunza kusuka ukili.