Nani Alisema Ajali Haina Kinga?

Alhamisi ya tarehe 18 Aprili 2024 nilikuwa kwa kibanda cha mamangu hapa Burnt Forest, nikimsaidia kupanga waru kwa debe. Kulikuwa na ile baridi yetu ya kuvaa jaketi mbili na bado unatetemeka. Jioni simu zikaanza kulia moja baada ya nyingine. Chopa ya jeshi imeanguka Marakwet Mashariki, pande za Kaben. Usiku Rais akatokea kwa runinga akathibitisha: Mkuu wa Majeshi, Jenerali Francis Ogolla, amefariki pamoja na wengine tisa. Wawili waliokoka.

Kesho yake asubuhi kibandani hakukuwa na stori nyingine. Mzee mmoja jirani, mteja wa miaka mingi, alisikiliza mjadala wetu wote akiwa ameegemea fimbo yake, halafu akaufunga kwa sentensi moja: "Ajali haina kinga, kijana wangu." Watu wakatikisa vichwa. Mama akaendelea kupanga waru. Hata mimi nilitikisa kichwa.

Lakini hiyo sentensi ilinikaa kooni. Nilikuwa nimeisikia miaka miwili kabla ya hapo, kando ya kaburi, na siku hiyo pia nilitikisa kichwa. Nitafika huko. Kwanza nataka tuitazame hiyo methali, kwa sababu nadhani tunaitumia vibaya.

Neno ajali tulilipata kutoka Kiarabu, ajal, na huko maana yake ni muda uliowekwa, hasa ile siku ambayo mtu ameandikiwa kufa. Ukirudi kwa maana hiyo, methali inasema jambo la kweli kabisa: siku yako ikifika, hakuna ngao. Ni methali kuhusu kifo. Haikutungwa kuhusu breki wala injini, wala fundi aliyetia sahihi bila kuangalia. Lakini leo neno hilohilo tunalitumia kwa lori lililobingirika na ndege iliyoanguka, na ile maana ya zamani inakuja nayo kimyakimya. Ukishaita jambo ajali, umeshasema nusu ya hukumu: lilikuwa limeandikwa. Na kama lilikuwa limeandikwa, nani atahojiwa?

Hapa ndipo yule mzee alinishangaza. Alikulia Nyeri, na utoto wake ulikuwa chini ya ndege za vita. Hali ya hatari ilitangazwa Oktoba 1952. Mwaka uliofuata Waingereza walileta ndege ndogo za Harvard, wakaziweka Mweiga, zikawa zinadondosha mabomu kwenye misitu ya Nyandarua na Mlima Kenya. Mwishoni mwa 1953 yakaja madege makubwa ya Lincoln, yakiruka kutoka Eastleigh, pale pale ambapo leo ni kambi ya jeshi la anga letu. Mzee anasema walijifunza kuzitambua kwa mlio kabla hazijaonekana. Baadhi ya ndege zile zenyewe zilianguka. Milima ile ina mawingu mazito na mabonde yanayofunga ghafla, na injini hupumua kwa shida kwenye hewa nyembamba.

Sasa angalia tofauti. Kule Staffordshire, Uingereza, kuna mnara uliozinduliwa 2007, wenye majina ya wanajeshi wao waliokufa kazini tangu 1948. Aliyekufa kwa ajali yumo pamoja na aliyepigwa risasi. Yaani rubani aliyegonga mlima wa kwetu jina lake limechongwa kwa jiwe. Aliyekuwa chini, msituni, bomu likamkuta, mara nyingi hana hata kaburi linalojulikana. Kifo cha rubani kilipewa faili. Cha yule wa chini kiliachiwa majaaliwa. Kwa hivyo hata kabla hatujauliza nani alikosea, kuna swali lingine: kifo cha nani kinastahili kuchunguzwa?

Miaka hiyohiyo baada ya vita vya pili, dunia ilikuwa inajifunza kuuliza vizuri. Mei 1952 ndege ya abiria ya Comet ilianza safari za London hadi Johannesburg, ikipitia Entebbe hapa jirani. Ilikuwa huduma ya kwanza duniani ya abiria kwa ndege ya jeti. Tarehe 10 Januari 1954 Comet moja ikapasuka angani karibu na kisiwa cha Elba, watu 35 wakafa. Zote zikasimamishwa. Wakakagua, wakarekebisha hiki na kile, na mwezi Machi wakazirudisha angani ingawa chanzo hakikuwa kimejulikana. Tarehe 8 Aprili nyingine ikaanguka karibu na Naples, ikaua 21.

Nikisoma habari hiyo huwa nasimama hapo. Wale 35 wa kwanza naweza kukubali kuwaita watu wa ajali. Hakuna aliyekuwa anajua. Lakini wale 21? Swali lilikuwa wazi mezani, na watu wazima wenye digrii wakaamua kuruka nalo. Ile ya pili ilikuwa haraka iliyojificha nyuma ya neno ajali.

Baadaye wachunguzi walichukua mwili mzima wa Comet, wakauzamisha kwenye tangi kubwa la maji pale Farnborough, wakawa wanausukuma kwa presha na kuuachilia, tena na tena, kama ndege inayopanda na kushuka, mpaka bati likapasuka. Chuma kilikuwa kimechoka. Jibu likatolewa hadharani, na kila kiwanda cha ndege duniani kikajifunza. Wewe unayepanda ndege kutoka Eldoret kwenda Nairobi leo unalindwa na wafu wale. Wamekuwa kinga.

Kuna sheria pia. Mkataba wa Chicago wa 1944 ndio unaongoza usafiri wa anga wa kiraia, na mwaka 1951 ulipata kiambatisho cha 13, kinachohusu uchunguzi wa ajali. Leo kinasema lengo la uchunguzi ni kuzuia ajali nyingine na si kutafuta wa kulaumiwa. Ni wazo zuri sana. Lakini ibara ya 3 ya mkataba huo inaacha nje ndege za serikali: za jeshi, za polisi na za forodha. Ndege ya abiria ikianguka Kenya, kuna idara ya kiraia inayochunguza. Ya jeshi ikianguka, jeshi linajichunguza lenyewe.

Na zimeanguka. Tarehe 10 Aprili 2006 ndege ya jeshi aina ya Y-12 ilianguka Marsabit na kuua watu 14, akiwemo Bonaya Godana na wabunge wengine waliokuwa wanaenda kupatanisha jamii. Juni 2021 helikopta ikaanguka Ngong, ikaua wanajeshi wasiopungua 10. Septemba 2023 nyingine ikaanguka usiku pande za Boni, Lamu. Halafu Kaben. Ile ya Kaben ilikuwa Huey, familia ya helikopta iliyoruka mara ya kwanza 1956. Tusiwe na haraka hapa: umri wa muundo si umri wa chombo, na chombo cha zamani kikitunzwa hubeba watu salama. Lakini swali la utunzaji ni swali halali. Baada ya mwaka mmoja tuliambiwa injini ndiyo ilifeli. Sawa. Injini kufeli ni jibu ambalo nalo linauliza: kwa nini?

Najua utanijibu nini. Jeshi lina siri zake, huwezi kuanika kila kitu adui asome. Kweli. Na kuna heshima ya marehemu. Jenerali Ogolla alizikwa kwao Siaya Jumapili iliyofuata, bila jeneza, kama alivyokuwa ametaka mwenyewe, na nani angetaka kusimama pale na kuanza kuhoji habari za vipuri? Mtu akiwa kwa matanga anahitaji kufarijiwa, na ajali haina kinga ni faraja. Inamwambia mjane: hukuweza kufanya lolote, usijilaumu. Siwezi kumnyang'anya mjane hiyo sentensi.

Shida ni kwamba hiyo faraja haikai kwa mjane peke yake. Inasambaa mpaka inamfikia aliyepaswa kujibu.

Sasa nikupeleke kwa lile kaburi.

2022 nilikuwa mwaka wa tatu chuoni. Binamu yangu alikuwa dereva wa lori, akibeba waru kutoka huku kwetu kupeleka Nakuru na Nairobi. Usiku mmoja akanipigia. "Hizi breki zinaniogopesha, bro. Unakanyaga mara tatu ndio zishike." Nikamuuliza kama amemwambia mwenye lori. Akasema amemwambia, na amejibiwa amalize safari mbili kwanza, gari litaenda kwa fundi wikendi. Nikamwambia, "Basi chunga." Maneno mawili. Halafu tukaongea mambo ya mpira.

Kitu ambacho sikuwa nimewahi kuandika mpaka leo ni hiki: kodi ya chumba changu ilikuwa inatoka kwa zile safari. Siku mbili kabla alikuwa amenitumia elfu mbili kwa simu. Kama ningemwambia aache lori, ningekuwa namwambia aache na kodi yangu. Sikuwaza hivyo kwa maneno. Lakini nilijua, kama vile unavyojua kuna mtu nyuma yako gizani.

Safari ya pili hakuimaliza. Mwenye lori alikuja matanga na magunia mawili ya unga na bahasha, akasimama mbele ya watu akasema ajali haina kinga. Tukatikisa vichwa. Muhula uliofuata nikaacha chuo. Watu hudhani ni karo tu.

Ukishuka kutoka Mau Summit kwenda Nakuru utapita Sachangwan na Salgaa. Miaka mingi mahali hapo palikuwa pakiua watu mpaka tukasema pana mapepo, wachungaji wakaenda kuombea lami. Asubuhi ya tarehe 31 Desemba 2017 basi na lori viligongana Migaa, watu 36 wakafa. Baada ya hapo barabara ikagawanywa kwa ukuta wa zege katikati, na ile migongano ya uso kwa uso ikapungua. Mapepo yalihama. Kumbe kinga ilikuwepo muda wote, ni saruji na mtu wa kuamua.

Ndiyo maana siku hizi nagawa methali mara mbili. Ajali kwa maana ya siku ya kufa haina kinga, na hapo nanyamaza. Ajali kwa maana ya kitu kilichoharibika na mtu akajua, hiyo ina kinga, na kinga yenyewe ni yule aliyejua. Aseme. Awe fundi wa helikopta kambini, awe binamu kwa simu usiku.

Krismasi iliyopita nilimwendea mama mkubwa, mamake marehemu, nikamwambia kuhusu ile simu. Nilitarajia alie au anifukuze. Aliendelea kumenya viazi kwa muda mrefu. Halafu akasema, "Hata mimi aliniambia. Nikamwambia aombe."

Tulikaa hapo jikoni, watu wawili tuliojua. Hakuna aliyetaja methali.