Kebo Iliyolegea



Juzi kijana mmoja aliniambia: "Frateri, nimesali novena tatu, mama bado yuko kitandani. Si ushahidi tosha kwamba hakuna anayesikia?" Sikumjibu haraka. Nilikumbuka kisa kimoja cha wanasayansi.

Kwa nadharia ya uhusianifu maalumu ya Einstein, ya mwaka 1905, hakuna chembe inayoweza kuupita mwanga kwa kasi. Lakini Septemba 2011 watafiti wa jaribio la OPERA walitangaza jambo la ajabu. Chembe ziitwazo nyutrino, zilizotoka CERN karibu na Geneva hadi Gran Sasso, Italia, kama kilomita 730, zilionekana kuutangulia mwanga kwa nanosekunde 60. Basi Einstein kakosea? Wao hawakusema hivyo. Walikuwa wamekagua kwa miezi bila kuona kosa, wakayaweka matokeo wazi na kuwaomba wengine wachunguze. Mwaka 2012 ikatangazwa kwamba kebo moja ya kupitishia mwanga haikukazwa vizuri, ikavuruga upimaji wa muda. Walipopima upya, nyutrino hazikuupita mwanga.

Pierre Duhem, mwanafizikia Mkatoliki wa Ufaransa, alishaeleza jambo hili tangu 1906: jaribio halipimi wazo moja peke yake. Linapima pia vifaa na yote tuliyoyachukulia kuwa kweli. Matokeo yakienda kinyume, tunajua kuna kosa mahali fulani, ila bado hatujui ni wapi.

Hapo nikajishtukia. Ni rahisi mno kumwambia yule kijana, "Kebo yako imelegea, imani yako ndogo." Huko ni kukwepa swali! Watafiti wale hawakuishia kudhani kuna kosa. Walilitafuta, huku wakijua huenda wasilipate. Nadhani hapo ndipo uaminifu unapoachana na ukaidi.

Nikamuuliza: "Ulikuwa unapima nini hasa? Kwamba Mungu anasikia, au kwamba akisikia lazima atoe tulichoomba?" Akanyamaza. Yesu mwenyewe, katika bustani ya Getsemani, aliomba kikombe kile kimwepuke, na hakikumwepuka. Je, Baba hakumsikia?

Swali lake sikulimaliza, wala sikujifanya nimelimaliza. Nilimwomba tu asifiche matokeo yake: amwambie Mungu yote, hata hasira. Kisha tukamwombea mama, wawili.

Nawe una swali kama hilo? Usilifungie moyoni. Lipeleke kwa Bwana, na mtafute wa kulichunguza pamoja nawe.

Tuombeane.